Mkufunzi mpya na kiu ya mabao: anachoweza kubadilisha, na asichoweza

KATIKA ufuo wa Usenge, kaunti ya Siaya, kama ilivyo Kisumu na kwingineko kandokando ya Ziwa Victoria, mashabiki wa soka huipima kazi ya mkufunzi mpya kwa swali moja: timu imefunga mangapi? Ni swali la haki, maana mchezo wenyewe huamuliwa kwa mabao. Hata hivyo, hesabu hiyo peke yake haielezi kama safu ya ushambuliaji imebadilika au imebahatika tu.

Mfano ulio karibu ni wa timu ya taifa, Harambee Stars, iliyokabidhiwa Benni McCarthy mnamo Machi 2025. Raia huyo wa Afrika Kusini alitwaa Klabu Bingwa Ulaya akiwa na Porto mwaka 2004, na ndiye mfungaji bora katika historia ya nchi yake kwa mabao 31. Kati ya 2022 na 2024 alikuwa mkufunzi wa washambuliaji katika Manchester United, chini ya Erik ten Hag. Kwa wasifu kama huo, wengi walitarajia mvua ya mabao.

Cheo alichokuwa nacho Manchester kinahitaji maelezo. Katika kandanda ya Kimarekani, ile inayochezwa kwa kofia ngumu, huwapo mratibu wa mashambulizi ambaye kazi yake ni kuchagua kila hila kabla mpira haujaanza kuchezwa. Mchezo husimama kila baada ya sekunde chache, naye hupata nafasi ya kutoa amri upya. Ukimbadilisha mratibu huyo, waweza kuona timu tofauti wiki inayofuata. Soka yetu haisimami hivyo. Mpira ukishaanza kutembea, mkufunzi amebaki na sauti yake ukingoni na wachezaji wa akiba. Analotaka lifanyike uwanjani sharti awe amelijenga mazoezini hadi miguu ilitende bila kuuliza.

Isitoshe, mkufunzi wa washambuliaji huwanoa watu wawili au watatu wa mwisho, ilhali bao huanza mbali na lango. Msimu wa 2022/23 Marcus Rashford aliifungia Manchester United mabao 30 katika mashindano yote, na sifa zikamwendea McCarthy. Lakini timu nzima ilifunga 58 tu ligini. Msimu uliofuata Rashford alifunga manane, nayo timu ikaambulia 57. Mkufunzi alikuwa yule yule, na mshambuliaji yule yule. Kilichopungua ni mipira mizuri iliyokuwa ikimfikia.

Kenya ilimpa McCarthy timu nzima, si mafowadi pekee. Matokeo yaliwashangaza waliotarajia mvua. Katika fainali za CHAN zilizochezwa Agosti 2025, kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, Stars waliilaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0, wakatoka sare ya 1-1 na Angola, kisha wakazinyuka Morocco na Zambia 1-0 kila mmoja. Katika robo fainali walitoshana 1-1 na Madagascar na kubanduliwa kwa penalti 4-3. Mechi tano, mabao matano, moja kila siku. Mashambulizi hayo yalikuwa duni? Kwa maoni yangu, la.

Anayewajua wavuvi wa omena atanielewa upesi. Hawalifukuzi kundi la samaki ziwa zima. Huwasha taa usiku, wakangoja omena wakusanyike, ndipo nyavu zikafanya kazi. Vijana wa McCarthy walicheza kwa mtindo unaofanana na huo. Waliwaachia wapinzani mpira, wakaibana nafasi katikati, na walipoupora waliupeleka mbele kwa pasi chache wakati mabeki wa upande wa pili wangali wamepanda. Dhidi ya Morocco, Ryan Ogam alifunga kabla ya mapumziko, Kenya ikasalia na wachezaji kumi, na bao hilo likalindwa hadi kipenga cha mwisho. Timu inayofungwa mawili tu katika mechi tano inaweza kuishi kwa bao moja. Mabadiliko ya ushambuliaji, basi, yalianzia mahali mpira ulipotwaliwa.

Kazi kama hiyo hudai kambi ya wiki kadhaa, jambo ambalo mkufunzi wa taifa hulipata kwa nadra. Machi ile ile alipoajiriwa, McCarthy alikuwa na chini ya wiki tatu kabla ya kucheza na Gambia ugenini. Wakatoka 3-3. Siku tatu baadaye Gabon wakashinda 2-1 jijini Nairobi. Mabao manne kwa mechi mbili, na alama moja tu mfukoni! Ukitumia kipimo cha mabao peke yake, Machi iliishinda Agosti.

Mashabiki wa Gor Mahia wanalijua upande mwingine wa suala hili. Mwishoni mwa 2014 klabu hiyo ilimpoteza Dan Sserunkuma, aliyehamia Simba ya Tanzania. Mkufunzi Frank Nuttall alimpokea Michael Olunga kutoka Thika United, na katika mwaka huo huo Meddie Kagere akajiunga nao. Olunga alifunga 19 ligini, na K'Ogalo wakatwaa ubingwa wa 2015 bila kushindwa katika mechi zote 30. Nuttall alisifiwa, na alistahili. Lakini mapema 2016 Olunga aliuzwa kwa Djurgården ya Uswidi, mkufunzi naye akaondoka mwezi Machi, na taji likaenda kwa Tusker. Sehemu ya ushambuliaji ule haikuwa kwenye ubao wa mkufunzi hata kidogo. Ilikuwa kwenye mikataba.

Haya yana uzito kwa sababu Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja uenyeji wa AFCON 2027. Septemba 2025 Stars walifungwa 3-1 na Gambia Kasarani, na siku nne baadaye wakaicharaza Ushelisheli 5-0. Wapo walioona maajabu katika siku hizo nne. Ukweli ni kwamba wapinzani walitofautiana. Anayetaka kuukagua mkono wa mkufunzi atazame ni wapi Stars wanaupora mpira, ni wangapi wanaowahi kufika ndani ya kisanduku krosi inapopigwa, na kama mabeki wa pembeni wanapanda kwa zamu au wote kwa mkupuo, maana mlango uliofunguka nyuma yao ndio ambao wapinzani huutafuta.