Nguo na Chakula katika Picha za Kale za Ulaya

Wengi wetu tusomapo habari za zamani za Ulaya, husoma habari za wafalme, vita na mapatano. Habari hizo zina maana, lakini hazitwambii mtu wa kawaida alivaa nini, alikula nini, wala chumba chake kilikuwaje. Waandishi wa siku zile mara nyingi hawakuona haja ya kuandika mambo ambayo kila jirani aliyajua. Njia moja ya kuyapata ni kuzitazama picha za rangi walizochora mafundi wa wakati ule. Hebu tuzitazame mbili, moja ya matajiri na moja ya wakulima.

Ya kwanza ilichorwa mwaka 1434 na Jan van Eyck, fundi wa mji wa Bruges, ambao leo umo katika nchi ya Ubelgiji. Imechorwa juu ya ubao, na urefu wake wapata sentimita 82 tu. Sasa imewekwa katika jumba la picha la National Gallery mjini London. Yaonyesha bwana na bibi wa ukoo wa Arnolfini, wafanya biashara wenye asili ya Italia, wamesimama chumbani.

Atazamaye upesi huona watu wawili na mbwa mdogo. Atazamaye kwa makini huona hesabu ya mali yao. Vazi la bibi ni la kijani, nalo ni pana mno, hata imembidi alikusanye mbele kwa mkono. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba ana mimba, kumbe ni wingi wa kitambaa tu, nao wingi huo ndio uliokuwa fahari. Maskini hakuweza kununua kitambaa cha kuburura sakafuni. Tena mavazi ya wote wawili yana manyoya ya wanyama, ingawa nje ya dirisha mti unaonekana una matunda, yaani ni majira ya joto. Karibu na dirisha yako machungwa, ambayo yaliletwa kutoka nchi za kusini kwa gharama kubwa.

Lakini picha hiyo hiyo yaonyesha pia shida za maisha ya siku zile. Dirisha lina kioo upande wa juu tu. Chini hufungwa kwa mbao, maana kioo kilikuwa ghali hata kwa tajiri. Na sakafuni viko viatu vya mti, mfano wa mitalawanda ya pwani, ambavyo watu walivivaa juu ya viatu vyao ili wasichafuke kwa matope ya njiani.

Siku zile nguo haikuwa jambo la kupenda tu. Nchi nyingi za Ulaya zilikuwa na sheria za kuamua nani avae nini. Kwa mfano, tauni kubwa iliyofika Uingereza mwaka 1348 iliua watu wengi sana. Wafanya kazi wakawa haba, na kwa hiyo mishahara ikapanda. Watu wa chini walipoanza kuvaa vizuri, wakubwa walinung'unika. Mwaka 1363 ikatolewa sheria kwamba walima kwa plau, wachunga ng'ombe na watu wengine wa hali yao wasivae ila nguo nzito ya sufu ya bei rahisi. Sheria hiyo ilifutwa baada ya muda mfupi, lakini nyingine za namna yake zilitungwa, na sheria za mavazi hazikuondolewa Uingereza mpaka mwaka 1604.

Picha ya pili ni ya Pieter Bruegel, aliyoichora yapata mwaka 1567. Nayo imo katika jumba la Kunsthistorisches mjini Vienna. Yaonyesha arusi ya wakulima ndani ya ghala ya nafaka. Bibi arusi ameketi kimya, mikono ameikunja, na nyuma yake imetundikwa nguo ya kijani. Hapana sinia; wanaume wawili wanachukua chakula juu ya mlango uliong'olewa. Chakula chenyewe ni kama uji katika mabakuli. Mmoja wa wachukuzi amechomeka kijiko cha mti katika kofia yake, na mtoto mdogo ameketi chini akilamba kidole. Mpiga zumari anakikodolea macho chakula, muziki ameusahau.

Uma wa kulia hauonekani. Watu wengi wa kaskazini ya Ulaya walikula kwa mikono, kisu na kijiko. Hata mwaka 1611, Mwingereza Thomas Coryat alipoandika kwamba ameiga desturi ya Waitalia ya kutumia uma, rafiki zake walimfanyia mzaha. Basi desturi ambazo leo huitwa za Kizungu tangu asili, nyingine zilikuwa ngeni kwa Wazungu wenyewe.

Lakini picha nayo yapasa kuhojiwa kama shahidi barazani. Yule Arnolfini alionyeshwa katika fahari yake. Wakulima wa Bruegel hawakuwa na bahati hiyo, maana picha zake zilinunuliwa na matajiri wa mjini. Mmoja wao, Niclaes Jonghelinck wa Antwerp, alikuwa nazo 16. Kwa hiyo twamwona mkulima kwa macho ya fundi na ya mnunuzi. Maneno yake mwenyewe hatuyasikii.

Basi, msomaji, ukipata kuona picha ya kale, usitazame nyuso peke yake. Tazama viatu, madirisha na kilichomo bakulini. Kisha jiulize ni nani aliyelipa ili ichorwe, na ni nani aliyeachwa nje.