Beringi Haipigwi Nyundo
Hapa Kaloleni, Voi, adui wa kwanza wa mashine ya kukereza chuma ni vumbi letu jekundu. Basi beringi mpya isifunguliwe karatasi kabla mhimili haujasafishwa.

Nalimwona fundi mmoja, mtu hodari, akiipigilia kwa nyundo. Gololi zikachimba njia yake. Siku ya tatu mashine ikanguruma, na chuma kikatoka na mawimbi. Akanunua nyingine, na bei yake si ya mchezo!

Yapasa ipashwe katika mafuta safi, digrii 80 za sentigredi, ndipo iingie kwa mkono. Kisha tegeni saa ya kupimia, mzungushe mhimili polepole: mshale ukicheza kupita sehemu moja ya mia ya milimita, fungueni tena. Halafu endesheni taratibu saa nzima. Kichwa cha mashine kikiunguza kiganja, nati imekazwa mno.