Mafaili ya Vifaa katika Linux: Nani Atoe Jina?

Wengi wakifika mada hii hukariri kwamba katika Linux kila kitu ni faili, wakaishia hapo. Maana yake ni hii: ukichomeka flashi au printa, programu haikigusi kifaa chenyewe. Inafungua faili lililomo kwenye folda ya /dev, na kiini cha mfumo endeshi, yaani kerneli, kinapeleka ujumbe kwa kifaa. Faili hilo halijahifadhi data yoyote. Limebeba namba mbili. Namba kuu huonyesha kiendeshi kinachohusika, namba ndogo huonyesha kifaa kipi. Diski ya kwanza, /dev/sda, ni 8 na 0. Ya pili, /dev/sdb, ni 8 na 16.

Sasa, nani ayatengeneze mafaili hayo?

Njia ya kwanza ni ya mkono. Msimamizi huyatengeneza kwa amri ya mknod, nayo hubaki pale hata kifaa kisipokuwepo. Folda hujaa mamia ya majina yasiyo na wenyewe. Toleo la 2.4 la mwaka 2001 lilikuwa na devfs: kerneli yenyewe ilitengeneza faili kifaa kinapoonekana. Folda ikawa safi, lakini majina yaliamuliwa ndani ya kerneli, na kasoro zake hazikurekebishwa, hivyo baadaye ikaondolewa.

Mwaka 2003 ikaja udev. Hii ni programu ya kawaida iliyo nje ya kerneli. Kerneli hutangaza tu kwamba kifaa kimeingia au kimetoka; udev husoma kanuni zilizoandikwa na msimamizi, ikatoa jina na ruhusa. Tangu toleo la 2.6.32 la mwaka 2009, devtmpfs hutengeneza faili la msingi haraka wakati mashine inawaka, na udev hukamilisha yaliyobaki.

Kwa nini jina liwe jambo kubwa hivyo? Fikiria msimu wa kahawa hapa Mbinga. Karani wa ghala anaweza kuyatambua magunia kwa foleni, la kwanza, la pili, au kwa namba ya uanachama ya mkulima. Foleni ikivurugika, malipo ya mkulima wa Maguu yanakwenda kwa mwenzake wa Litembo. Majina sda na sdb ni ya foleni: anayetangulia kuonekana anapata a.

Niliyaona haya katika maabara ya shule moja ya mwambao wa Ziwa Nyasa. Flashi na diski ya nje yenye alama za wanafunzi zilikuwa zimechomekwa pamoja. Umeme ukakatika, ukarudi, kompyuta ikawaka upya. Kijana aliyekuwa akifuta flashi akarudia amri ileile ya /dev/sdb. Safari hii sdb ilikuwa diski ya alama. Tulisahihisha upya karatasi za madarasa mawili, na karatasi nyingine zilikwisharudishwa nyumbani.

Huko udev ndiko inakosaidia. Katika folda ya /dev/disk/by-id huweka jina linalotokana na namba ya kiwandani ya kifaa, nalo halibadiliki hata ukichomeka tundu jingine. Kanuni ya mstari mmoja inaweza hata kuipa diski ile jina /dev/alama. Jina la sdb bado lipo. Ni juu yako kutolitumia unapofuta.

Kwa hiyo ukiulizwa uchague, tazama kwanza mashine. Maabara ambamo flashi huingia na kutoka kutwa: devtmpfs pamoja na udev. Kifaa kidogo chenye kumbukumbu finyu, kama ruta: mdev ya BusyBox, iliyo nyepesi zaidi. Mashine isiyoongezewa kifaa kamwe: hata mknod inatosha, na mtahini hatakunyima alama ukitaja sababu. Kinachopoteza alama ni kuandika "udev ni ya kisasa" na kuweka nukta.

Swali la kujipima: Diski mbili zimechomekwa kwenye kompyuta moja. Eleza kwa nini /dev/sdb ya jana inaweza isiwe ya leo, na utaje njia moja ya kuitambua diski bila kukosea. (Alama 5)