Takwimu ni za Mfumo, Miguu ni ya Mdakaji

Msimu wa 2009, Demaryius Thomas wa Chuo Kikuu cha Georgia Tech alidaka mpira mara 46 tu. Aprili iliyofuata, Denver Broncos wakamchukua akiwa wa 22 katika drafti ya NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, mdakaji wa kwanza kuitwa mwaka ule, mbele ya Dez Bryant wa Oklahoma State. Wapo waliokuna vichwa. Georgia Tech ya kocha Paul Johnson ilikuwa timu ya kukimbia na mpira. Kurusha kulikuja pale mabeki walipokwisha kusahau kwamba kuna kurusha. Kazi kubwa ya mdakaji ilikuwa kumsukuma beki kando ili mwenzake apite. Kijana aliyelelewa hivyo akaja kupata yadi zaidi ya 1,000 kila msimu kwa misimu mitano mfululizo, 2012 hadi 2016, na pete ya Super Bowl juu yake.

Miaka miwili baada ya Thomas, chuo kilekile, kocha yuleyule, akatoka Stephen Hill: mrefu, mwenye mbio, aliyedaka mara 28 katika msimu wake wa mwisho. New York Jets wakamchagua wa 43 mwaka 2012. Alikaa misimu miwili, hakuna hata mmoja aliofikisha mara 30 za kudaka, wakaachana naye.

Ukiwaweka hawa wawili pamoja, hoja ya maskauti kwamba chuo fulani huandaa wadakaji na chuo fulani huwaharibu inaanza kuyumba. Haianguki lakini, maana kuna vyuo ambavyo kweli humwachia mwajiri kazi yote ya kufundisha.

Tuchukue Baylor ya Art Briles, kule Waco, Texas. Wadakaji walipangwa mbali kabisa, karibu wakanyage mstari wa pembeni, ili mabeki watawanyike na katikati pabaki wazi. Halafu mchezo ukachezwa haraka, bila kukutana kupanga. Mdakaji alijua njia chache: kimbia moja kwa moja, simama ghafla ugeuke, au pokea pasi fupi ya pembeni. Corey Coleman alifunga tachidauni 20 mwaka 2015 kwa mtindo huo na kutwaa tuzo ya Biletnikoff, ya mdakaji bora wa vyuo. Cleveland Browns wakamchagua wa 15. Alivunjika mkono katika misimu yote miwili aliyocheza pale, na haki tuseme hilo si kosa la mfumo. Lakini hata alipokuwa mzima, njia zake zilikuwa zilezile mbili tatu ambazo beki wa kulipwa huzisoma akiwa bado amesimama. Mwaka 2018 wakamtoa kwa Buffalo.

Uwanja wenyewe unachangia. Alama za katikati, ambazo mpira huwekwa juu yake au kati yake kabla ya kila mchezo, zimeachana futi 40 vyuoni. Kwenye NFL ni futi 18 na nusu. Kwa hiyo mechi ya chuo karibu kila mara ina upande mpana, na mdakaji mwenye kasi akipewa nafasi hiyo yote, kupiga chenga si lazima. Akifika kwa watu wazima, nafasi imekatwa. Chuoni mguu mmoja ndani ya mstari unatosha kuhesabiwa amedaka. NFL inataka yote miwili. Na kwenye mstari mchezo unapoanzia anamkuta beki aliyemsogelea uso kwa uso, mikono tayari kifuani, ambaye hatamruhusu hata kuanza safari. Hatua tatu za kwanza za kumkwepa huyo, ndizo mishahara hulipwa kwa ajili yake. Mfumo wa kutawanya mabeki haumlazimishi kijana kuzijifunza.

Nani basi huzifundisha? Jibu langu ni kocha wa wadakaji, mtu ambaye kamera hazimtafuti. Ohio State walimpa Brian Hartline kazi hiyo mwaka 2018. Alikuwa amedaka mipira chuoni palepale, kisha miaka kadhaa Miami Dolphins, na hakuwahi kuwa na mbio za kutisha. Aliishi kwa kukata kona vizuri. Wanafunzi wake wakaanza kutoka kwa foleni: Garrett Wilson wa 10 na Chris Olave wa 11 katika drafti moja ya 2022, Jaxon Smith-Njigba mwaka uliofuata, Marvin Harrison Jr. wa nne mwaka 2024. Mwenye husuda atasema chuo tajiri huchuma vipaji vilivyokwisha iva. Ni kweli nusu. Vyuo tajiri ni vingi, na foleni kama hiyo haiko kila mahali.

Chuo cha LSU mwaka 2019 kilipata kitu hichohicho kwa mlango mwingine. Kocha Joe Brady alitoka New Orleans Saints akaleta mchezo wa NFL mzimamzima: wadakaji walisoma mabeki sawasawa na mrushaji wao, Joe Burrow, na kubadili njia katikati ya mbio. Justin Jefferson alidaka mara 111 mwaka ule. Bado maskauti wakanung'unika kwamba alichezeshwa sana ndani, hajajaribiwa pembeni, na wachezaji 21 wakachaguliwa kabla yake. Minnesota Vikings wakampata, akawapa yadi 1,400 katika msimu wake wa kwanza.

Ndiyo maana kila Januari maskauti hujazana Mobile, Alabama, kwenye wiki ya Senior Bowl, na wengi huondoka kabla ya mechi kuchezwa. Wanachofuata ni mazoezi ya mtu na mtu: mdakaji mmoja, beki mmoja, hakuna mfumo wa kumficha yeyote. Mwaka 2019 alikuwepo Terry McLaurin, mwanafunzi mwingine wa Hartline, aliyekuwa amedaka mara 35 tu msimu mzima na kusifika zaidi kwa kukimbilia mipira ya kupigwa kwa mguu. Mabeki wa Mobile walishindwa kukaa naye. Washington wakamchukua raundi ya tatu, wa 76, na mwaka uleule akawaletea yadi 919.