Mazoea Yana Taabu: Moshi wa Nyumbani na Njia ya Kuuacha

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, muuguzi wa kituo cha afya kilicho pembezoni mwa Dar es Salaam anamaliza kufagia uwanja wa nyumba yake. Majani ya mwembe, maganda ya ndizi, mfuko wa mkate na chupa tupu ya maji vimekusanywa pembeni mwa ua. Anawasha kiberiti, anahakikisha moto umeshika, kisha anaingia ndani kujiandaa kwenda kazini. Chumbani, mwanawe mwenye pumu anaamka kwa kikohozi. Saa mbili baadaye muuguzi huyohuyo amesimama mbele ya akina mama waliowaleta watoto kliniki, akiwaeleza namna moshi unavyodhuru mapafu machanga. Kila analolisema ni sahihi, na hakuna msikilizaji anayelibisha.

Picha hii haimhusu mtu mmoja. Ni ya nyumba nyingi, za wahudumu wa afya na za wagonjwa wao. Mama aliyeketi benchi la mbele ataitikia kwa kichwa, atarudi nyumbani, na jioni ataweka kipande cha plastiki chini ya mkaa ili moto ushike upesi. Hakudanganya alipoitikia. Somo amelielewa, lakini mkono wake una somo lake la miaka mingi. Wahenga walisema mazoea yana taabu, na taabu hiyo yafaa ichunguzwe kabla ya kumwongezea mtu hotuba nyingine kuhusu kutunza mazingira.

Kilichomo ndani ya moshi

Moshi wa kuni, mkaa na taka umebeba chembechembe ndogo mno. Zinazodhuru zaidi zina kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, ilhali unywele wa binadamu una kipenyo cha maikromita 50 hadi 70 hivi. Kwa udogo huo, chembechembe hizo hupita puani na kooni bila kuzuiwa, hufika katika vifuko vya hewa ndani ya mapafu, na baadhi yake huingia katika damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kifuani. Moshi wa nyumbani unahusishwa na nimonia kwa watoto, ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, saratani ya mapafu, maradhi ya moyo, kiharusi, mtoto wa jicho, na kuzaliwa kwa watoto wenye uzito pungufu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwamo zaidi ya 237,000 vya watoto walio chini ya umri wa miaka mitano.

Mkaa huwahadaa wengi kwa kuwa ukishakolea moshi wake hauonekani sana. Hata hivyo, mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi, au kwa nia njema ya kumpasha joto mzazi na kichanga chake, laweza kuwaua waliolala bila wao kushtuka.

Plastiki nayo ina hatari zake. Moto wa uani hauna joto la kutosha kuiteketeza kabisa. Plastiki zenye klorini, kama PVC, huweza kuzalisha dioksini, sumu zinazodumu muda mrefu katika mazingira na kujikusanya katika mafuta ya wanyama na ya binadamu. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unautaja uchomaji wa taka mahali pa wazi miongoni mwa vyanzo vya sumu hizo. Kwa hiyo mgonjwa na mazingira hawana kesi mbili tofauti. Moto unaomaliza miti na kuchafua anga ndio huohuo unaombana mtoto kifua.

Mazoea si ujinga

Kosa la kwanza la watoa elimu ni kudhani kwamba mwenye mazoea mabaya hajui. Uchomaji wa taka uani haukuzaliwa na uvivu, bali na usafi. Uwanja uliofagiwa na taka zake kuteketezwa ni heshima ya nyumba. Tena katika mitaa mingi gari la taka hupita kwa nadra, na wengi huamini kuwa moshi hufukuza mbu. Plastiki iliyo chini ya mkaa vilevile haikuletwa na uzembe. Imeletwa na haraka ya mama ambaye watoto wake wanangoja chai kabla ya kwenda shule, na ambaye hapendi kutoa fedha za mafuta ya taa kwa kazi inayoweza kufanywa na kitu kilichokwisha kutupwa.

Hata sheria njema hukutana na ugumu huo. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, na mifuko hiyo ikapungua sana madukani. Lakini vifungashio na chupa vilibaki, na mkono uliozoea kutafuta plastiki wakati wa kuwasha jiko ukavipata. Sheria iliondoa mfuko; haikuiondoa ile dakika ambayo mtu ameinama mbele ya jiko baridi akitafuta cha kuwashia.

Jambo hilo laonekana pia kwa wenye mitungi ya gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni lengo kubwa, na mitungi imeingia katika nyumba nyingi. Hata hivyo, mtungi kuwepo jikoni si sawa na mkaa kuondoka. Katika nyumba nyingi gesi huchemsha chai na kukaanga mayai, ilhali maharage na makande hurudishwa kwenye mkaa, kwa hofu kwamba yatamaliza gesi. Vyakula vinavyokaa motoni kwa saa nyingi ndivyo vilivyoachiwa jiko lenye moshi mwingi.

Moshi una milango mingi

Utafiti mkubwa uliofanyika katika vijiji vya Chikhwawa na Karonga nchini Malawi, uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la The Lancet, unatoa fundisho la unyenyekevu. Kaya zilipewa majiko bora yanayochoma kuni kwa ufanisi zaidi, na watoto zaidi ya 10,000 wakafuatiliwa. Matarajio yalikuwa kwamba nimonia ingepungua. Haikupungua. Miongoni mwa maelezo yaliyotolewa na watafiti ni kwamba watoto waliendelea kuvuta moshi kutoka kwingineko, ukiwamo wa taka zilizochomwa na wa tumbaku.

Fundisho hilo lisimkatishe mtu tamaa. Linaonesha tu kwamba kuziba mlango mmoja na kuacha mitatu wazi hakutoshi. Familia iliyonunua jiko bora bado inahitaji kujiuliza moto unawashwa kwa nini, maharage yanapikwa wapi, taka zinakwenda wapi, na nani anavuta sigara ndani ya nyumba.

Kubadili mazoea kwa saa yake

Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti kuhusu muda unaohitajika ili tendo jipya liwe mazoea. Washiriki 96 walichagua kila mmoja tendo dogo la kufanya kila siku baada ya jambo fulani walilokwisha kulizoea, kama vile kunywa kifungua kinywa. Kwa wastani ilichukua siku 66 tendo hilo lifanyike bila kulazimishwa na fikra; wengine walitumia siku 18, na wengine ilikadiriwa wangehitaji siku 254. Aidha, kukosa siku moja hakukuharibu safari nzima.

Katika matokeo hayo mna dawa ya kutumika nyumbani. Kwanza, tendo jipya lifungwe kwenye saa ya lile la zamani. Badala ya kuapa kuwa "sitachoma tena plastiki", mtu aweke kikapu cha vifuu vya nazi, magunzi ya mahindi au vijiti vikavu palepale jiko linapowashiwa, ili mkono ukinyooshwa ukute kitu kingine. Jiko liwashwe nje, na watoto wakae mbali hadi moshi wa mwanzo uishe.

Pili, maharage yalowekwe usiku kabla ya kulala. Yakilowekwa saa nane hadi kumi na mbili huiva kwa muda mfupi zaidi. Sufuria ikifunikwa, moto unaohitajika hupungua tena. Mwenye sufuria ya presha anaweza kuyapika kwa gesi bila hofu kubwa ya mtungi, na jiko la presha la umeme huivisha nusu kilo ya maharage kwa umeme usiofika uniti moja. Kwa nyumba iliyokuwa na gesi na mkaa pamoja, bakuli la maharage yaliyolowekwa usiku linaweza kufanya kazi ambayo mtungi peke yake haukuifanya.

Tatu, taka zitenganishwe wakati wa kufagia. Majani na maganda yaingie shimoni yaoze yawe mboji. Chupa ziwekwe kwenye gunia la wanunuzi wa chupa. Kinachobaki kwa kawaida ni kidogo, nacho kinaweza kungoja gari la taka.

Nne, asiyeweza kufanya yote aanze na moja, na siku akiteleza arudi kesho yake. Mama aliyewasha jiko kwa plastiki Jumatano hajashindwa. Amekosa Jumatano tu.

Zamu ya mhudumu wa afya

Mtaalamu anayemhudumia mtoto mwenye kikohozi cha mara kwa mara anaweza kuuliza maswali manne yasiyochukua hata dakika mbili: Mnapikia nini? Mnapikia wapi? Moto mnauwasha kwa nini? Taka mnazipeleka wapi? Yaulizwe kwa upole, kwa nia ya kujua na si ya kumkamata mtu. Mama akishasema ukweli, ulizo lifuatalo liwe: "Kati ya haya, lipi unaona unaweza kuanza nalo wiki hii?" Jibu atakalolitoa mwenyewe lina nafasi kubwa ya kutekelezwa kuliko maagizo kumi aliyosomewa ukutani.

Tahadhari mbili zisisahauliwe. Mgonjwa wa pumu asiache dawa zake kwa sababu tu ameacha moshi. Hayo mawili hufanya kazi pamoja. Na mtoto mwenye kikohozi anayepumua haraka, yaani mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, au mara 40 au zaidi akiwa na mwaka 1 hadi miaka 5, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya au kunywa, hiyo ni dharura.

Vituo vya afya navyo vijitazame. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa takribani asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni taka za kawaida zisizo hatarishi. Zinapochanganywa na taka hatarishi, karatasi na maboksi hupelekwa motoni pamoja na bomba za sindano, na moshi huongezeka bila sababu. Kutupa kila taka katika chombo chake ni zoea kama lilivyo la kunawa mikono, nalo hujengwa vivyo hivyo, siku baada ya siku.

Yule muuguzi wa mwanzo hakosi elimu. Anachokosa ni shimo chini ya mwembe na gunia lililotundikwa ukutani, vitu ambavyo jembe na dakika chache za Jumamosi vinatosha kuviandaa. Pumu ya mwanawe haitaondoka kwa shimo hilo, lakini mtoto atakuwa na kichocheo kimoja pungufu cha kumwamsha alfajiri. Na siku atakaposimama tena mbele ya akina mama, atakuwa na neno la kuwaambia ambalo halimo katika vitabu: lilivyomchukua yeye mwenyewe wiki nyingi, siku alizoteleza, na asubuhi aliyogundua kuwa amefagia uwanja wote bila kukumbuka kiberiti.