Maudhui ya Uchafuzi wa Mazingira: Mafuta Yanapoingia Mtoni

Swali kuhusu uchafuzi wa mazingira katika tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea huonekana rahisi. Mtahiniwa huandika kwamba Soko la Chapakazi ni chafu, kisha huhamia hoja nyingine. Hiyo ni nusu ya hoja. Mtahini anataka pia kujua uchafu huo unamdhuru nani na ni nani aliyepaswa kuuzuia. Ili uzoee kufikiri hivyo, tuchunguze kisa cha kweli cha humu nchini.

Kisa cha Thange

Mwezi Mei 2015, mafuta yalionekana katika bonde la Mto Thange, eneo la Kibwezi, Kaunti ya Makueni. Yalikuwa yamevuja kutoka kwa bomba la Kenya Pipeline lililokuwa likisafirisha mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi, bomba lililoanza kazi mwaka 1978. Eneo hilo ni kavu. Wakazi walitegemea mto na visima kwa kunywa, kunywesha mifugo na kumwagilia mboga.

Athari kwa mazingira

(a) Maji: Mafuta huelea na kutandaza utando unaozuia oksijeni kuingia majini. Samaki na wadudu hufa. Kemikali nyingine, kama benzini inayosababisha saratani, huyeyuka ndani ya maji. Maji yanaweza kuonekana safi na bado yakawa na sumu.

(b) Udongo: Mafuta huziba nafasi za hewa katika udongo. Mizizi hukosa pumzi na mimea hunyauka.

(c) Visima: Mafuta hupenya chini hadi kwenye maji ya ardhini na kukaa huko kwa miaka mingi hata baada ya bomba kuzibwa.

(d) Delta: Hapa ndipo mto hugawanyika kabla ya kuingia baharini au ziwani. Maji hupunguza mwendo, tope hutuama, na mafuta hutuama nalo. Kwenye delta ya bahari, mafuta hufunika mizizi ya mikoko inayovuta hewa. Mfano mkubwa ni delta ya Mto Niger, nchini Nigeria. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2011 kuhusu Ogoniland ilieleza kwamba visima vya jamii moja vilikuwa na benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Ilikadiria kwamba kulisafisha eneo hilo kungechukua miaka 25 hadi 30.

Athari kwa jamii

Kila athari iliyotajwa hapo juu huzaa nyingine nyumbani kwa mtu.

(a) Riziki: Udongo ukifa, mkulima hana mboga ya kupeleka sokoni. Karo hukosekana.

(b) Afya: Anayekosa maji mengine hunywa yale yale machafu.

(c) Familia: Kisima kikiharibika, mama na mabinti huenda mbali kuteka maji. Binti hufika shuleni akiwa amechoka, au hafiki.

(d) Haki: Wakazi wa Thange walilazimika kwenda mahakamani kudai fidia. Jamii ya Bodo, katika delta ya Niger, ilimwagikiwa na mafuta mara mbili mwaka 2008. Kampuni ya Shell ilikubali kuilipa pauni milioni 55 mwaka 2015. Hesabu miaka hiyo. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mafuta yalipomwagika alikuwa tayari amepita madarasa mengi.

Kurudi kwenye tamthilia

Sasa tazama Sagamoyo. Wachuuzi wa Chapakazi wanalipa kodi, lakini soko halisafishwi. Majoka analifunga, nia yake ikiwa kujenga hoteli ya kifahari. Faida inaelekea upande mmoja, uvundo unabaki upande mwingine. Thange pia, waliopitishiwa bomba mashambani si wao waliouza mafuta.

Hoja kamili basi iwe hivi: "Soko la Chapakazi ni chafu ingawa wachuuzi wanatozwa kodi. Uchafu huu unahatarisha afya yao na unadhihirisha utepetevu wa uongozi wa Majoka." Umetaja tendo, mwathiriwa na mwenye wajibu.

Tahadhari

Usitaje Thange wala Nigeria katika jibu lako. Alama hutoka katika tamthilia pekee. Visa hivi ni vya kukufundisha kuisoma.

Hata hivyo, usiviache mlangoni mwa chumba cha mtihani. Hapa Sosiot ninakofundisha hakuna bomba la mafuta. Lakini fundi wa bodaboda akimwaga oili chafu mtaroni, mvua ya jioni huisukuma hadi kijitoni. Maji ya nchi hii ya majani chai hushuka hadi Mto Sondu, na Sondu huingia Ziwa Viktoria. Kuna mtu huko chini anayeteka maji. Jiulize maswali yale yale mawili: nani anadhurika, na nani alipaswa kuzuia?