Mpinzani anaenda, kivuli kinabaki: somo la Le Sorcier de Terremer

Mimi ni mtu wa agronomie, si wa lettres. Lakini kuna riwaya moja iliyonigusa sana, njo maana ninaandika leo. Kwa Kifaransa inaitwa Le Sorcier de Terremer. Iliandikwa na mama Ursula K. Le Guin wa Marekani, ikatoka mwaka 1968.

Kwetu neno uchawi linatisha. Mule ndani, uchawi ni elimu: unaingia shule, una walimu, unapata fimbo mwishoni kama vile sisi tunapata diploma. Ged, mtoto wa mfua shaba na mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, anaenda kusoma kwenye kisiwa cha Roke. Pale anamukuta Jasper, mtoto wa wakubwa, mwenye maneno laini yanayochoma. Tuangalie mambo matatu makubwa.

Kwanza, mashindano. Ged ana akili kuliko wengi, lakini hatafuti tena kujua, anatafuta paka kumushinda Jasper. Usiku mmoja, kusudi amuonyeshe nguvu, anaita roho ya mtu aliyekufa. Kunatoka kivuli kinachomurarua uso. Mkuu wa shule anatumia nguvu zake zote kufunga ule mlango, anakufa. Munaona bei? Aliyelipa si mmoja wa wale wawili walioshindana. Na kisha hapo, Jasper anatoka karibu kabisa katika hadithi. Mpinzani anaenda zake, kivuli kinabaki na Ged.

Pili, usawa wa dunia. Ogion, mwalimu wa Ged, anaweza kuifukuza mvua, lakini anakubali kulowana. Ged kijana anaona ni ujinga. Kumbe kila tendo linavuta lingine: mvua ukiiita hapa, pengine umeleta ukame kwingine. Sisi wa shamba tunajua hilo. Ukizidisha urea mwaka kwa mwaka, udongo unakuwa na asidi. Ukinyunyiza dawa ovyo, unaua pia wadudu wanaokula wale wabaya. Kuwa na uwezo si sababu ya kuutumia kila siku.

Tatu, jina. Katika visiwa vile, mwenye kujua jina lako la kweli ana nguvu juu yako. Kwa hiyo kumuambia mtu jina lako ni kumuamini kabisa. Ged akiwa amevunjika, rafiki yake Vetch anamupa jina lake la kweli, bila kuombwa. Ndiye atakayemusindikiza mpaka mwisho wa bahari. Ged anakimbia kivuli siku nyingi, na kadiri anavyokimbia, kinapata nguvu. Ogion anamushauri ageuke akifuate. Wakikutana, Ged anakiita kwa jina, na jina ni lake mwenyewe. Hashindi, hashindwi: anakuwa mtu mzima.

Kwa nini ninawaambia haya? Juu na mimi nilikuwa na Jasper wangu. Mwaka wa majaribio ya shambani, niliona mbegu za maharagwe za mwenzangu zimetobolewa na wadudu. Nilinyamaza. Hazikuota vizuri, mimi nikapata pointi za juu. Nilifurahi siku mbili. Lakini mwenzangu hakuwa hata na neno baya kwangu. Jasper alikuwa ndani ya kichwa changu mwenyewe.

Kisha kusoma kitabu hiki nilimupigia simu, nikamuambia. Alinyamaza kidogo, akauliza: « Uliziona? » Nikasema ndiyo. Hakucheka. Lakini mwezi uliofuata njo yeye aliyenipigia, kuniuliza habari ya mbegu.

Wanafunzi, kazi ni chache na sisi ni wengi, mashindano hayataisha. Shindana, lakini chunga kile unachokiita usiku kusudi mwenzako aone. Siku moja utalazimika kukiita kwa jina lako.